Sekunde Kumi na Tisa

Mgonjwa wa kitanda namba kumi na moja, wodi ya wanaume, alikuwa na taya lililofungwa kwa waya, jicho moja lililovimba mpaka likajifumba, na pingu iliyouunganisha mkono wake wa kushoto na chuma cha kitanda. Inspekta Mwanamkasi alikuwa amekuja kusimama mbele yake siku tatu mfululizo, na siku zote tatu alikuwa ameondoka mikono mitupu.

"Masalu. Mtoto yuko wapi?"

Masalu aliinua mkono wa kulia, ule uliokuwa huru. Akanyoosha kiganja, akakishusha kwa ubavu juu ya unyayo wa mguu wake mwenyewe, kama mtu anayekata kitu. Kisha akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Anataka dirisha tena," muuguzi alisema.

"Dirisha liko wazi."

"Ndiyo, afande. Kila siku liko wazi, na kila siku analitaka."

Mwanamkasi alishusha pumzi. Juzi alikuwa amempa mgonjwa kalamu na karatasi. Masalu aliipokea kalamu kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha kwa heshima. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Jalada lenyewe lilikuwa jepesi mno. Jumanne asubuhi, Masalu alisimamishwa na umati pale senta ya Mikwajuni, akiwa juu ya pikipiki nyekundu akitokea Ifakara. Wakamuuliza jina. Alipolitaja, hakuulizwa swali la pili. Polisi walipofika walikuta pikipiki inaungua na mtu yuko chini, damu zinamtoka masikioni. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na shati lenye damu iliyokwisha kukauka, na kandambili moja ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyokatwa ubavuni kwa kitu chenye makali.

Na kulikuwa na ile sauti.

Bonde zima lilikuwa nayo, kuanzia Ifakara mpaka Mlimba. Sekunde kumi na tisa za mwanamke anayelia: "Jamani ndugu zangu, Masalu kamchukua mwanangu, kampakia kwenye pikipiki yake ile nyekundu, wameondoka mbio, mtoto anatoka damu. Mimi nilikuwa shambani. Sijui nitamwona wapi mwanangu. Niombeeni jamani, niombeeni."

Kitu kimoja tu kilimnyima Mwanamkasi raha. Hii ilikuwa Ijumaa, siku ya tano tangu sauti ile itoke, na hakuna mzazi aliyefika kituo chochote kusema amepotelewa na mtoto. Alikuwa amewapigia watendaji wa vijiji wa Chita, wa Mngeta, wa Uchindile, akawapigia na walimu wakuu. Kote alijibiwa kwamba hakuna mtoto aliyepotea. Watu walikuwa wamempiga mtu karibu ya kumuua kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyejua ni wa nani.

Mkuu wake alitaka jalada la utekaji liwe mezani Jumatatu. Hilo lingeweza kusubiri. Lisiloweza kusubiri lilikuwa tangazo lililokuwa likizunguka kwenye makundi ya simu tangu juzi: vijana wakutane Mikwajuni Jumamosi saa mbili asubuhi, waende kwenye maboma ya wafugaji wenzake Masalu "kumtafuta mtoto wetu." Waliambiwa waje na tochi za mchana. Kila mtu alielewa tochi za mchana ni nini.

Nje, dereva Wiliam alikuwa ameegemea gari la polisi akitazama simu. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na hakuna kilichomharakisha.

"Wiliam, hiyo sauti unayo?"

"Ninayo, afande. Ninazo saba."

"Saba?"

"Ya kanisani, ya mtaani, ya wazee wa zamani wa depo ya polisi, ya shemeji zangu..."

"Basi, basi. Icheze."

Walisikiliza mara nne, milango ya gari imefungwa. Mara ya nne Mwanamkasi alimwambia aizime.

"Wewe mtoto wako akichukuliwa na mtekaji, utasema nini?"

"Nitasema mtu kamchukua. Mtu, jambazi."

"Huyu anasema Masalu. Tena hasemi Masalu ni nani. Anasema pikipiki yake *ile* nyekundu. Anaongea na watu wanaomjua Masalu na wanaoijua pikipiki. Anasema ndugu zangu. Hii haikuwa ya Ifakara nzima, Wiliam. Hii ilikuwa ya ukoo, ikatoka."

"Sasa ukoo gani, afande?"

"Tutaurudisha mtu kwa mtu mpaka tumpate. Washa gari."

* * *

Ami Abdulswamad alikuwa akipanga majora ya vitenge rafuni. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Mwanamkasi tangu wazee wao walipoingia Ifakara kutoka pwani na mizigo ya biashara, na alikuwa kiongozi wa kundi la simu la watu mia sita lililoitwa Ifakara Yetu Sote.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ami, ile sauti ya mama anayelia. Uliitia kwenye kundi Jumatatu saa tano na nusu."

Mzee aliacha kupanga. "Niliitia ili watu wasaidie."

"Walisaidia. Wamemvunja mtu taya sehemu mbili."

"Sasa mimi nimempiga nani? Mimi nilikuwa hapa hapa dukani, Mwanamkasi! Mimi ni kiongozi wa kundi tu. Watu wananiletea habari, nami nazifikisha."

"Uliletewa na nani?"

"Gaudensi. Mwalimu wa kwaya, yule anayetengeneza baiskeli karibu na stendi."

"Ulimuuliza huyu mama ni nani?"

"Nilimwandikia kwamba Mungu amnusuru. Na yeye akaniletea ile mikono ya dua."

"Ami. Ulimuuliza ni nani?"

Abdulswamad alijifuta uso kwa kofia yake. "Mtu analia namna ile, mwanangu, unaanzaje kuuliza maswali?"

Mwanamkasi alikuwa na jibu, lakini huyu ni mtu aliyemnunulia sare ya kwanza ya shule. Aliandika jina la Gaudensi na saa, akaaga. Mzee alimfuata mpaka mlangoni akieleza kwamba kundi lile lilikuwa limemtafutia damu mgonjwa mwaka jana, na limemzika mzee asiye na ndugu, na si haki kulitazama kwa ubaya mmoja.

"Najua, ami," alisema, na kweli alijua. Ndiyo maana alizidi kukereka.

Gaudensi walimkuta ameinamia gurudumu. Alikuwa mtu mpole, mikono imejaa grisi, na alikiri kila kitu kabla ya kuulizwa. Ndiyo, aliituma. Kwenye makundi kumi na manne. Moyo ulimuuma sana.

"Wewe uliipata wapi?"

"Kwa dada Balbina wa Mngeta. Rafiki yangu sana huyo, afande. Miaka mitatu sasa kila asubuhi tunatumiana somo la siku. Mke wangu alipojifungua yeye ndiye mtu wa kwanza kunipongeza."

"Anafananaje?"

"Nani?"

"Balbina. Nikifika Mngeta nimtambueje?"

Gaudensi alifikiri, akafikiri tena. "Picha yake ni ya ua," alisema. "Ua jekundu."

Mwanamkasi alifunga daftari kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

* * *

Mpaka Mngeta ilikuwa zaidi ya saa mbili za vumbi, huku mpunga uliokwisha kuvunwa umeacha mashina ya manjano pande zote. Walipita Mikwajuni bila kusimama. Mahali pikipiki ilipoungulia palikuwa peusi, na vijana waliokaa hapo kijiweni waliinua vichwa, kisha wakavirudisha kwenye simu zao.

Balbina hakuwa mgumu kumpata. Saluni yake ilikuwa na ua jekundu lililochorwa mlangoni. Alikuwa anamsuka mteja, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alipoona gari la polisi alimwambia mteja aende, arudi baadaye, na mteja akaondoka na nusu ya kichwa.

"Dada afande, mimi sijafanya kosa."

"Sijasema umefanya. Huyu mama anayelia ni nani?"

"Kwani hamumjui?" Balbina alishangaa kweli. "Edna. Mtoto wa shangazi yangu."

Siku tano, makundi zaidi ya mia, na jina lilikuwa jepesi hivyo. Mwanamkasi aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Anakaa wapi Edna?"

"Hapo ng'ambo ya mfereji mkuu."

"Ni mbali?"

"Dakika ishirini kwa miguu."

"Ulipoisikia hii sauti, ulikwenda?"

Balbina alianza kukusanya nywele zilizodondoka sakafuni. "Hatusalimiani. Tangu harusi ya mdogo wake. Walinificha sare. Kamati nzima imevaa kitenge kimoja, mimi peke yangu nimekaa na gauni la kanisani kama mgeni mwalikwa. Miaka miwili sasa."

"Ulimpigia simu?"

"Nimekwambia hatusalimiani."

"Lakini ulituma kilio chake kwa watu usiowajua."

"Alikuwa anaomba watu wamwombee! Nimewatafutia watu wa kumwombea. Hasira ni hasira, afande, lakini damu ni damu."

Mwanamke huyu hakuwa anadanganya, na hilo lilichosha zaidi kuliko uongo. Uongo angalau una mahali pa kuushika.

"Masalu mnamfahamu?"

"Si ndiye Msukuma wao. Ana ng'ombe nyuma ya shamba la Edna, mwaka wa tisa huu. Maziwa wanayokunywa watoto wa Edna yanatoka kwake. Mume wa Edna alipofariki, yeye ndiye aliyechimba kaburi na wajomba. Ndiyo maana nikawaandikia pale pale kwenye kundi: mnaona sasa mtu mliyemkaribisha wenyewe? Babu Hermenegildi akanijibu kwa ukali, mbele ya ukoo mzima, eti nifunge mdomo. Nikajitoa."

"Ukajitoa wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo. Nikatoka zangu."

"Saa ngapi?"

Balbina alitazama simu yake. Ile sauti ilifika kwenye kundi la ukoo saa nne na dakika kumi asubuhi. Alimtumia Gaudensi saa nne na robo. Alijitoa saa nne na nusu kamili.

"Na baada ya hapo Edna alisema nini?"

"Nitajuaje? Nimekwisha toka."

Mwanamkasi alisimama. "Vaa viatu. Unanionyesha kwa babu Hermenegildi."

"Mimi siendi pale."

"Balbina," Mwanamkasi alisema, na sauti yake ikashuka badala ya kupanda, "kuna mtu amefungwa taya kwa waya. Vaa viatu."

* * *

Hermenegildi alikuwa kwenye ua wake, akigeuza mpunga ulioanikwa juu ya maturubai kwa reki ya mti. Aliitikia shikamoo ya Mwanamkasi kwa uchangamfu na ya Balbina kwa kuguna. Sikio lake moja halikuwa zima, kwa hiyo mazungumzo yalikwenda kwa kelele, na majirani wakaja kusimama uani bila kualikwa.

"Sauti ya Edna?" alisema mzee. "Ipi, ya kwanza au ya pili?"

Wiliam, aliyekuwa akifunga mlango wa gari, aliuacha wazi.

"Kuna ya pili, baba?"

"Sasa itakosaje kuwepo? Mtu kaanza habari, lazima aimalize." Alitoa simu kifuani, akaitafuta kwa kidole kimoja huku akilalamika juu ya wajukuu wanaojaza picha za mapishi. Kisha akaiweka sikioni mwa Mwanamkasi kabisa, kana kwamba na yeye hasikii.

Ilitumwa Jumatatu hiyo hiyo, saa nne na dakika arobaini na tano. Ilikuwa sauti ile ile, lakini pumzi zimetulia.

"Jamani samahanini, nimewatia hofu bure. Masalu mwenyewe kanipigia. Valentino kachezea panga la kukatia majani ya ng'ombe, kajikata mguu. Masalu hakutaka kunisubiri, damu zilikuwa nyingi. Kampitisha zahanati wamemfunga, wamesema mshipa umekatika, apelekwe Ifakara haraka. Nami napanda pikipiki sasa hivi. Mungu ambariki Masalu, jamani. Mungu ambariki sana."

Balbina alikuwa ameshika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mliisikia wangapi?" Mwanamkasi aliuliza.

"Ukoo wote. Tuko thelathini na nane. Thelathini na saba," alijirekebisha, akimtazama Balbina.

"Na hii ya pili, nani kati yenu aliituma nje?"

"Kwa nini? Mambo ya ukoo yalikuwa yamekwisha. Mtoto kapona."

"Baba, hamkusikia kwamba Mikwajuni wamempiga mtekaji wa watoto anayeitwa Masalu, mwenye pikipiki nyekundu?"

"Tulisikia." Mzee aliegemea reki. "Nikasema kina Masalu ni wengi."

"Sauti ya Edna ikazunguka bonde zima, hamkuisikia?"

"Tulisikia ikizunguka. Tukajua watu watajua."

Mwanamkasi alijikuta anahesabu pumzi zake. "Nani amekwenda Ifakara kumwona Edna na mgonjwa?"

Hermenegildi aliwatazama majirani, majirani wakautazama mpunga. Alisema kwamba simu ya Edna haipatikani, wakajua ameshikwa na shughuli za mgonjwa. Kwamba wamemwombea kila asubuhi, kwenye kundi, hakuna aliyekosa. Alimpa Mwanamkasi simu aone mwenyewe, na kweli, mikono ya dua ilikuwa imejipanga safu kwa safu, siku tano, thelathini na kitu kila siku.

Garini, Mwanamkasi alirudisha kurasa za daftari nyuma mpaka zile za hospitali. Alikuwa anakiona kiganja cha Masalu kikishuka juu ya unyayo. Kandambili ya mguu wa kushoto, iliyokatwa ubavuni. Na kile kidole kilichonyooshwa. Nje ya dirisha la wodi ya wanaume kulikuwa na ua, kamba za kuanikia nguo, na nyuma ya kamba, wodi ya watoto.

"Mimi mwenyewe Jumatano niliwauliza wodi ya watoto," alisema hatimaye. "Niliwauliza: mna mtoto aliyeletwa bila mzazi? Wakasema hapana."

"Walisema kweli, afande," alisema Wiliam.

"Nyamaza, Wiliam. Kanyaga mafuta."

* * *

Edna alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, amemwekea mtoto bakuli la uji. Alikuwa amevaa gauni la shambani lililofuliwa na kufuliwa tena. Aliposikia jina lake likiitwa aliruka kama mtu aliyekuwa akilingoja kwa siku nyingi.

"Umetumwa na nyumbani, dada?"

"Hapana, mimi ni polisi. Inspekta Mwanamkasi. Keti, hakuna kosa."

Edna hakuketi. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. Simu yake ilitumbukia kwenye maji Jumatatu hiyo hiyo, pikipiki ilipoteleza kwenye kivuko. Namba zote zilikuwa ndani ya simu. Kichwani hakuwa nayo hata moja, ya mama mkwe wala ya nani. Masalu alikesha naye usiku wa kwanza, asubuhi akasema anarudi kumletea nguo na chandarua na kuwaambia ndugu. Hajarudi mpaka leo.

"Nikasema labda na yeye tumemchosha," alisema. "Ndugu zangu hakuna aliyekuja. Siku tano, dada. Nimekaa hapa najiuliza nimewakosea nini."

Valentino, umri wake miaka sita, mguu wa kushoto umefungwa mpaka kifundoni, aliacha uji. "Mjomba Masalu amebaki na kandambili yangu," alisema.

Mwanamkasi alikuwa amewahi kupeleka habari za msiba kwenye nyumba nyingi. Hii hakujua aishike wapi. Aliketi sakafuni, akamvuta Edna akae karibu yake, akamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia saa nne na dakika kumi. Edna alisikiliza bila kupepesa. Ilipochezwa ile sauti alishtuka, kama watu wanavyoshtuka wakisikia sauti zao wenyewe.

"Hiyo niliwaambia ndugu zangu," alisema. "Ndugu zangu tu."

"Najua."

"Yuko wapi?"

Mwanamkasi alimwonyesha kupitia dirishani, ng'ambo ya kamba za nguo.

Pingu zilifunguliwa kabla Edna hajafika kitandani. Muuguzi alitoka nje, akajifanya ana kazi. Edna alishika upau wa kitanda namba kumi na moja, akasema, "Masalu, ni mimi nimekuua," na Masalu akatikisa kichwa, polepole kwa sababu ya waya, mara nyingi sana. Mtoto mgongoni mwa mama yake aliuliza kwa nini mjomba amefungwa mdomo. Masalu alikuwa analia kwa jicho lake moja.

* * *

Saa moja jioni, Edna alirekodi sauti ya tatu kwenye simu ya Mwanamkasi. Alisema jina lake, kijiji chake, na yaliyotokea, na akamwekea Valentino simu mdomoni naye asalimie. Mwanamkasi aliituma kwa ami Abdulswamad, kwa Gaudensi na kwa Balbina, akawaambia kila mmoja aitume kila alikoipeleka ya kwanza. Wakafanya hivyo. Balbina aliomba kurudishwa kwenye kundi la ukoo.

Baada ya nusu saa majibu yakaanza kurudi, na Wiliam akayasoma kwa sauti kwa sababu Mwanamkasi alikataa kuyashika mwenyewe.

"'Huyu kalazimishwa na polisi.'"

"Endelea."

"'Sauti siyo ile. Yule wa kwanza alikuwa analia kweli.'"

"Endelea."

"'Ndefu mno, nani ana bando la kusikiliza dakika tatu?'" Wiliam alitelezesha kidole. "Na, afande... ile ya kwanza imeingia tena. Kwa shemeji yangu wa Morogoro. Sasa ninazo nane."

Mwanamkasi alimpokonya simu, akaizima, akaitupa kwenye kiti cha nyuma. Alimpigia daktari wa zamu kuuliza kama mtoto anaruhusiwa kesho. Anaruhusiwa. Alimpigia mkuu wake akaomba askari sita. Akaahidiwa wawili.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi walikuwa Mikwajuni. Vijana kama sitini walikuwa wamekwisha kusanyika, na tochi zao za mchana zilikuwa fimbo, mapanga na dumu moja la mafuta. Askari wawili walisimama upande mmoja wa gari, wakionekana wachache. Edna alishuka mwenyewe bila kuambiwa, mtoto mgongoni, akasimama pale pale palipokuwa peusi.

"Mimi ndiye mama anayelia," alisema.

Simu kama ishirini ziliinuliwa kumpiga picha. Mmoja akapaza sauti: "Tutajuaje kama ni wewe?"

Edna alimtazama. Kisha akafungua mdomo, akasema yale maneno, yote, sekunde kumi na tisa, kuanzia "jamani ndugu zangu" mpaka "niombeeni." Hakuigiza. Alipofika pa "sijui nitamwona wapi mwanangu," sauti ilikatika pale pale ilipokatikia kwenye simu zao, na simu zikaanza kushuka, moja moja.

Kijana mrefu aliyeshika dumu alisogea. Alimtazama Valentino, akautazama mguu uliofungwa.

"Dogo, nani alikupeleka hospitali?"

"Mjomba Masalu."

"Alikupeleka, au alikuchukua?"

Valentino hakuelewa swali. "Alinibeba," alisema. "Mimi nilikuwa natoka damu."

Dumu liliwekwa chini. Nyuma ya umati watu walianza kuondoka kimya kimya, kila mmoja akishika njia yake, fimbo zikigeuka kuwa za kutembelea. Mwanamkasi aliwaonyesha askari wake wawili wazuie njia ya kuelekea mashambani, naye akazuia ya barabarani. Walibaki kama thelathini. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa mtupu.

"Haya," alisema. "Nani alimpiga wa kwanza?"

Kijana mrefu alimtazama aliye kulia kwake. Aliye kulia akamtazama aliye nyuma. Yule wa nyuma akasema yeye alikuta wenzake wamekwisha anza.

"Vizuri," alisema Mwanamkasi, akaketi juu ya boneti ya gari. "Nina siku nzima. Ulimkuta nani?"